Tope Jekundu Mdomoni mwa Sio

Sikupendwa kwenye mdomo wa mto Sio, na sitadanganya kwamba mimi nilimpenda mtu pale. Nilifika nikiwa tayari nimekasirika. Malaba walikuwa wamenifukuza kwenye foleni ya malori, nilikokuwa nikiosha magurudumu na kulinda turubai, kwa sababu nilifungua mfuniko wa tangi nione kilichomo. Sikutaka kuiba. Nilitaka kujua kwa nini tangi moja hulia kama ngoma likigongwa na jingine hunyamaza. Dereva alinichapa kwa kijiti cha kupimia mafuta na wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikashika njia ya kusini. Busia sikusimama. Funyula nilibeba magunia ya mahindi wiki mbili, nikagombana na mwenye magunia, nikateremka mpaka ziwani.

Kuna jambo jingine lililonivuta huko. Nilizaliwa upande wa Amukura, na Sio ulipita bondeni chini ya shamba la baba. Shule niliiacha darasa la sita, na katika miaka ya kuchunga ng'ombe nilikuwa nikitupa vitu mtoni: magunzi, kiatu kimoja cha kaka yangu, ubao wangu wa kuandikia. Nilitaka kujua vinafika wapi. Nilipouliza niliambiwa, "Ziwani," kana kwamba hilo ni jibu.

Kumbe mto haukwishi kama barabara inavyokwisha. Unapokaribia ziwa unachoka. Unatanuka, unajigawa kwenye mafunjo, unakosa nguvu ya kubeba, na kila ulichokibeba tangu juu unakiweka chini. Sikuona kiatu cha kaka yangu. Niliona tope. Tope jeusi, laini, linalonuka yai viza, ukanda mpana kati ya nyasi za nchi kavu na maji ya wazi. Na ndani ya tope hilo mlikuwa na watu wameinama, matako juu, wakichimba kwa mikono.

Walikuwa wakichimba nyungunyungu. Kamongo, yule samaki mrefu anayepumua hewa kama mtu, hadanganyiki kwa chambo cha kila namna. Wavuvi wa pale walimtegea kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na kila ndoana ilitaka nyungunyungu wa kinamasi, mnene kama kidole. Wavuvi wenyewe hawakuchimba, waliona ni aibu. Sisi tuliochimba walituita watu wa tope, na hata ukiwa umeoga na kuvaa shati safi kanisani, ulikaa benchi la watu wa tope.

Aliyenichukua kazi alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mgongo uliokwisha kuharibika kwa kuinama. Aliniangalia viatu kwanza, kisha uso.

"Umewahi kuchimba?"

"Nimelima, mama."

"Sijauliza kulima."

Akanipa debe na mahali pa kulala kwenye jiko lake, na hayo ndiyo maneno yote ya kunikaribisha.

Inafaa nieleze jinsi tope lile lilivyomilikiwa. Ukanda wote ulikatwa vipande, kuanzia juu kwenye nyasi mpaka chini kabisa mlangoni mwa mto. Kila kipande kilikuwa na vigingi vinne vya mti mgumu, na vigingi hivyo vilirithiwa kama ng'ombe. Lakini vilikuwa na sharti. Mwenye kipande alipaswa kupeleka chambo mitumbwini kila asubuhi. Akikosa asubuhi nne mfululizo, vigingi vyake hung'olewa mbele ya watu wote, anarudishiwa mkononi, na kipande kinapewa mwingine. Ugonjwa haukuwa udhuru, wala msiba. Walisema kamongo hangoji matanga.

Kipande cha yule mama kilikuwa cha marehemu mumewe, aliyekufa kwa ule ugonjwa ambao miaka hiyo watu walikohoa tu badala ya kuutaja. Baada ya mazishi, mdogo wa marehemu alikuja kumrithi mjane, kama desturi ilivyotaka. Mama akakataa. Alikataa mbele ya wazee, akakataa mbele ya mchungaji, na aliweza kukataa kwa sababu moja tu: alikuwa na tope lake. Alikula kwa mkono wake. Siku vigingi viking'oka, ama angefungua mlango kwa shemeji yake, ama angeondoka pale na nguo alizovaa. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata mbwa.

Shemeji mwenyewe naye alikuwa mtu wa tope. Mtu mfupi, mwenye sauti ya kanisani. Mkononi alivaa kamba ya mafunjo, na kila asubuhi ambayo mtu yeyote hakuleta chambo, alipiga fundo. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa.

"Boss wa malori!" aliniita siku yangu ya kwanza. "Hapa hakuna breki. Ukiteleza unaishia Uganda."

Watu wakacheka. Nilimwambia mtu mfupi hana pa kuteleza, ameshafika chini. Hawakucheka kwa hilo. Tangu siku hiyo hakuna aliyenisalimia isipokuwa kwa dhihaka, na mimi nilijibu kila dhihaka, kwa sababu sijawahi kujua kunyamaza.

Kazi niliijua upesi. Nilichopenda zaidi kilikuwa kutazama. Nilipata chupa ya jemu, nikaijaza tope na maji kidogo, nikatia nyungunyungu watatu, nikaiweka dirishani jikoni. Nikagundua jambo ambalo wachimbaji wote walilijua kwa vidole vyao lakini hawakuwahi kulisema. Nyungunyungu wa kinamasi hukaa kichwa chini. Tope lile halina hewa, ndiyo maana linanuka vile. Basi mkia wake huupandisha mpaka juu kabisa ya tope, akaupanua ukawa kama mfereji mdogo, akavuta hewa kwa mkia huku kichwa kinakula gizani. Ukigusa chupa, mkia unazama. Ukitulia, unarudi. Nilikaa saa nzima nikigusa na kutulia.

"Unaongea nao?" mama aliniuliza.

"Nawaangalia."

"Waangalie ukiwa umejaza debe."

Jirani mmoja aliichungulia chupa, akaenda kutangaza kwamba kijana wa malori anafuga nyoka wa uchawi. Kesho yake mtu alitema mate kwenye debe langu. Nikamtemea kwenye lake.

Haikuwa nyungunyungu peke yao. Mahali mto unapoingia ziwani, chini kule kuna mji mzima. Kulikuwa na kome, wale wenye magamba mawili, wamejizika nusu kwenye mchanga kama sahani zilizosimama. Kulikuwa na konokono wa rangi ya chai. Na vijidudu vyekundu kama uzi wa kushonea, ambavyo baadaye huota mabawa na kupaa juu ya ziwa kama moshi. Nilianza kuona kwamba kila kimoja kina mahali pake. Kome walikaa chini mlangoni, penye mchanga na maji yanayotembea. Nyungunyungu walikaa pale tu tope linapokutana na hewa, kwenye mpaka wa maji. Kiangazi kilipozidi na ziwa likarudi nyuma, mpaka ule ulishuka, na nyungunyungu wakashuka nao. Kipande cha mama kilikuwa juu, karibu na nyasi. Kufikia Machi kilikuwa kimekauka, kina nyufa, na debe lililojaa kwa saa moja sasa lilitaka nusu ya siku. Niliyaona haya yote kwa macho yangu. Sikuyaunganisha. Mpaka leo najiuliza mtu anawezaje kuona hivyo na asielewe alichokiona.

Mwezi wa nne maji yakaja. Kwetu pale hapakuwa na mvua, mbingu zilikuwa wazi kama sahani. Mvua ilikuwa imenyesha juu, upande wa Bungoma na kwetu Amukura. Asubuhi tuliona povu likipita, la rangi ya kahawia, limebeba majani ya mahindi. Kisha vipande vya gugumaji vilivyokwama kwenye mafunjo vikaanza kuzunguka. Kisha maji yenyewe yakageuka, yakawa mekundu kama chai ya maziwa iliyomwagikiwa na kutu. Nilichota nikayaacha kwenye kopo yatulie. Chini kulibaki udongo wa kidole kizima, na nikautambua. Ulikuwa udongo wa kwetu. Baba alikuwa akilalamika kila mwaka kwamba mto unamwibia shamba, na huu hapa, nimeushika.

Siku ya povu ndiyo siku ya kubadilishana. Ndiyo desturi: povu likionekana, watu wa tope hukutana ufuoni, na anayetaka kubadilisha kipande na mwenzake hufanya siku hiyo. Kila mmoja anaingia kwenye tope la mwenzake peku, mpaka magotini. Akishatoka, biashara imekwisha, na hakuna kubadilisha tena mpaka maji yawe meupe.

Shemeji alikuwa na kipande cha chini kabisa, mlangoni mwa mto, ambacho kiangazi chote kilikuwa kimemjazia madebe huku sisi tukikwaruza nyufa. Alisimama mbele ya watu na kusema, kwa sauti yake ya kanisani:

"Mimi nina moyo. Nimeona shemeji yangu anavyoteseka kule juu. Anachimba vumbi. Niko tayari kubadilisha."

Watu wakaangalia chini. Sasa najua kwa nini waliangalia chini.

Mama alinivuta mkono. Aliniambia pembeni, "Marehemu hakuwahi kukitamani kile cha chini. Kila mwaka alikuwa anasema kaa juu, kaa juu. Sababu hakunipa."

"Sababu ni kwamba hakuwa mkulima," nikamwambia. "Mama, mimi nimezaliwa kando ya mto huu. Mafuriko yakipita bondeni, yanaacha udongo mpya, na mahindi ya mwaka huo huwa marefu kuliko nyumba. Udongo ule wote unamwagikia pale mlangoni. Ni mbolea. Nyungunyungu gani anakimbia mbolea?"

"Huyu mtu hajawahi kunipa hata chumvi."

"Hajui anachokitoa."

Bado alisita. Pengine angekataa. Lakini shemeji alitukaribia, akanitazama mimi badala yake.

"Namwelewa," alisema. "Shemeji, usibadilishe. Kule chini tope ni zito, linataka mwanaume. Huyu kijana wako wa chupa atazama mpaka masikio."

"Mimi?" nikasema.

"Si wewe, nani mwingine? Mkono wako ni wa kushika kitambaa cha kuoshea gari."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwache, boss atachafua kucha," na ufuo mzima ukacheka, wanawake wakicheka zaidi. Damu ilinipanda. Nikavua viatu. Nikamwambia mama kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba akikosa nafasi hii asinilaumu mimi, kwamba mimi nimesoma udongo kuliko hawa wote. Nilisoma udongo! Mtu wa darasa la sita.

Mama alivua viatu vyake. Kisha akapandisha gauni, akaenda kuingia kwenye tope la mlangoni mpaka magotini. Shemeji akaingia kwenye letu, lile kavu, ambalo hata visigino havikuzama, ikabidi walimwagie maji kidogo ili desturi itimie. Hilo nalo lilichekesha watu.

Mto ulipanda siku hiyohiyo mpaka siku ya tatu. Kipande chetu kipya kilizama kabisa, maji ya kiunoni, mekundu, usiweze kuona kidole chako. Siku mbili za kwanza bado nilipata nyungunyungu kwa kupapasa, wamelegea, wengine wamekufa. Siku ya tatu nikapata udongo tu. Ulikuwa unatua juu ya tope jeusi kama blanketi, kwanza kidole, kisha kiganja, kisha mpaka kwenye kifundo cha mkono, laini, mzito, hauna tundu hata moja. Nilichimba chini yake na kupata wafu. Nyungunyungu walikuwa wamenyoosha mikia yao kwenda juu na mikia ikaishia njiani. Kome walikuwa wamefunua magamba, nyama imegeuka kijivu, na harufu yake ilinifuata mpaka jikoni.

Nilirudi, nikachukua chupa yangu dirishani, nikamimina juu ya lile tope jeusi udongo mwekundu niliokuwa nimeubakisha kwenye kopo. Nikaongeza maji mpaka shingoni. Nilikaa nikatazama. Mkia mmoja ulipenya udongo ule mwekundu, ukajaribu kupanda maji, ukakosa juu. Ukarudi. Ukajaribu tena. Kesho yake wote watatu walikuwa wamekufa. Ilinichukua siku moja na chupa moja kujua jambo hilo, na siku hiyo ningeweza kuitumia kabla ya povu, kwa udongo wowote laini.

Na kule juu? Maji yalipopanda, mpaka wa maji na hewa ulipanda nao, mpaka kwenye nyasi, kwenye kipande chetu cha zamani. Zile nyufa kavu zikalegea zikawa tope jipya. Nyungunyungu waliowahi kukimbia wakakimbilia huko, na walioshuka ndani sana wakati wa kiangazi wakaamka. Shemeji hakuwa hata anachimba, alikuwa akiokota. Alisimama ufuoni na madebe matatu yamefurika, wengine wanajinyonganyonga kwenye ukingo.

"Asubuhi ya kwanza," alisema tulipopita mikono mitupu, akapiga fundo.

Wachimbaji wengine wa vipande vya juu nao walikuwa na nyungunyungu wa kutosha. Niliwaendea. Niliomba debe moja, nusu debe, konzi. Nilikuwa nimewatukana wote. Mmoja alinipa nyungunyungu mmoja, akamweka kiganjani mwangu taratibu, akasema, "Umsome huyo."

Asubuhi ya pili fundo. Ya tatu, fundo. Alasiri ile mama alikuja mwenyewe majini, na mgongo wake ule, tukapapasa pamoja. Alitoa kome mmoja baada ya mwingine, wale waliokuwa pembeni ambao udongo ulikuwa haujawafunika vizuri, wako nusu hai. Akavunja gamba kwa meno, akanusa.

"Kamongo anakula hawa," alisema. "Nimepasua matumbo yao miaka yote, yamejaa magamba."

Usiku haukutulaza sana. Asubuhi ya nne tulipeleka ndoo ya nyama ya kome mitumbwini. Mama aliibeba kichwani mwenyewe, hakunikubalia. Aliwaeleza wavuvi kwa sauti thabiti, kama mtu anayeuza kitu cha kawaida. Mvuvi mmoja mzee aliingiza kidole, akakitazama, na niliona kabisa kwamba angechukua. Alishajua ni kweli. Kisha shemeji akasogeza madebe yake matatu karibu na mtumbwi, kwa mguu.

Yule mvuvi akafuta kidole kwenye suruali. "Mama, pole. Kamongo wangu hali maiti."

"Anakula, na wewe unajua."

"Najua. Lakini na huyu nitakaa naye mwaka mzima."

Shemeji alikwenda kung'oa vigingi mwenyewe. Vilikuwa chini ya maji na ilimbidi apige mbizi kwa kimoja, akaibuka na udongo wetu wa Amukura umemkaa kichwani. Alivileta vyote vinne, akamkabidhi mama kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayetoa mahari.

"Shemeji, mlango wangu uko wazi. Na wako sasa uwe wazi."

Mimi ndiye niliyempiga. Nilimpiga ngumi moja ya mdomo, na baada ya hapo sikumbuki ni wangapi walionipiga mimi. Nakumbuka tope kinywani na sauti ya mwanamke inasema, "Ua huyo mchawi wa chupa." Nilipofungua macho walikuwa wamechoka. Mama alikuwa bado amesimama palepale na vigingi vyake. Hakuwa amewazuia. Hakuwa na sababu ya kuwazuia.

Alikwenda nyumbani, nikamfuata nikichechemea. Aliweka vigingi vile jikoni chini ya sufuria na kuwasha moto, akachemsha chai, akanywa. Hakunipa. Alifunga shuka moja, sahani mbili, Biblia ya marehemu.

"Mama, nitakubebea mpaka Funyula."

"Usinifuate."

"Sikujua kwamba..."

"Hukujua. Mume wangu naye hakutoa sababu, lakini alikaa juu. Wewe ulikuwa na sababu."

Alitoka bila kufunga mlango. Shemeji, mdomo umevimba, alikuwa amekaa kwenye kigogo ng'ambo ya njia akingoja. Mama alimpita kama anavyopita kigogo chenyewe.

Nilitangatanga. Nilikwenda Kocholia, nikachimba vyoo. Nilirudi Malaba, hawakunitambua kwa makovu au walijifanya. Lakini lile tope halikunitoka. Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata nilishuka tena mdomoni mwa mto. Nilijua watanipiga. Nilitaka kuona.

Maji yalikuwa meupe, yamerudi nyuma. Kipande cha mlangoni, kile kilichotumaliza, kilikuwa wazi juani. Udongo mwekundu haukuwa mwekundu tena. Miezi ile yote majani yaliyokuja na mafuriko yalikuwa yameozea humo, vile vidudu vya uzi vilikuwa vimetangulia kuutoboa, kisha konokono, kisha wengine. Nilipiga magoti nikazamisha mkono. Nyungunyungu walikuwa wamejaa humo kama wali kwenye sufuria, wanene kuliko wowote niliowahi kushika. Mbolea, kama nilivyosema. Nilikuwa sahihi, ila mto haufanyi kazi kwa msimu mmoja. Mafuriko huua kwanza. Hulisha waliobaki, au watoto wao, mwakani.

Shemeji alinikuta nimepiga magoti. Vigingi vinne vilivyozunguka vilikuwa vyake, na vya juu pia.

"Umekuja kuchukua masomo?" alisema.

"Ulijua."

"Baba yetu alijua. Juu wakati wa maji, chini wakati wa jua. Mtu anahitaji vipande viwili. Ndugu yangu alipewa kimoja, mimi kimoja, na tulikuwa tukisaidiana mpaka alipokufa." Akatema mate. "Angenikubali, tungekuwa na vyote viwili."

Sikumpiga. Hakunipiga. Aliniambia nitoe magoti yangu kwenye tope lake.

Mama nilimwona Busia miezi michache baadaye, mchana wa jua kali, kwenye njia ya panya wanakovusha mizigo kukwepa kizuizi. Alikuwa amebeba bunda la nguo za mitumba kwenda upande wa pili, amekonda, mgongo umepinda zaidi. Alikuwa ameketi kupumzika, bunda liko chini. Nilisimama mbele yake na kumwambia yote niliyoyaona, haraka, kabla hajanifukuza: udongo ulivyooza, vidudu vya uzi, nyungunyungu walivyojaa. Nilimwambia kile kipande kilikuwa kizuri kweli, kilitaka miezi minane tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na subira hiyo siku zote.

"Na hiyo miezi minane," alisema, "ningekula nini? Maneno yako?"

Akavuta bunda karibu na miguu yake.

"Shemeji yangu anajua niko wapi?"

"Hapana, mama."

"Usimwambie."

Akasimama, akaangalia njia nyuma na mbele. Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Bunda lilikuwa kubwa kuliko anavyoweza kuliinua peke yake, na aliona kwamba nimeona hivyo.

"Nitwike," alisema.

Nikainama, nikaliinua, nikaliweka kichwani mwake. Alilisawazisha kwa mkono mmoja, akashika njia ya kwenda ng'ambo.